Baharini Hatusemi Lulu

Kambi ya mabomba, Dahrani
9 Muharram 1357

Kwa Mama Dhahi, dada yangu Mouza binti Rashid, Muharaqi.

Asalaam aleikum. Mimi mzima. Joto bado halijashika. Mgongo unauma, tunabeba mabomba watu wanane bomba moja. Tunakula tende na wali, samaki siku ya Ijumaa. Shemeji Thani macho yake vipi? Nasikia sasa haoni kabisa. Mungu amfanyie wepesi. Na yule mbuzi wako mweupe, kazaa?

Sasa nililolikusudia. Fairuz wa mtaani kwenu alipita hapa kambini juzi, anauza madema ya samaki. Nikamuuliza, umemwona binti yangu? Akasema, nimemwona, mrefu, miguu kama ya korongo, yupo juzuu ya ishirini na nne chuoni. Nikafurahi. Nikamuuliza, Lulwa anakumbuka kama ana baba? Akaniangalia. Akasema, Lulwa nani? Yule anaitwa Amna.

Amna!

Miaka saba mimi nasema Lulwa hajambo, Lulwa anakua, na mtaa mzima unaita Amna. Kumbe mwanangu ana jina ambalo mimi sijapata kulisikia. Nani kakupa ruhusa? Mama yake Shamma alimwita Lulwa hadi pumzi ya mwisho. Sijakupa mtoto umbadilishe jina kama mkimbizi. Nimekupa umlee.

Mwite jina lake.

Nduguyo,
Sanad, baba yake Lulwa.


Muharaqi
2 Rabiul-Awali 1357

Kwa Sanad bin Rashid, Dahrani.

Waaleikum salaam. Barua yako ilikaa wiki tatu kwa mwenye chombo, anasema aliisahau kwenye gunia. Tuko wazima. Thani haoni. Tulinunua dawa ya macho kwa Mhindi wa sokoni, alisema ni lulu iliyosagwa, tukampaka siku arobaini. Macho yaliuma zaidi. Mbuzi kazaa wawili, mmoja kafa. Mulla Hilal wa msikiti mdogo ndiye ananiandikia, nimemwambia asipunguze neno.

Amna ndilo jina lake. Nilimpa mimi, siku uliyomleta kwangu kwenye shuka, ana mwaka na nusu, ana homa kama mama yake. Nilimwogesha, nikamwita Amna, akalala. Asubuhi homa imeshuka. Ananiita mama. Na hilo pia hukulijua.

Nyumbani kwangu neno lulu halitamkwi, na Lulwa ni lulu hiyo hiyo. Nimemkataza hata Thani. Umesahau tulikuwa nani? Thani alikuwa mnunuzi, ana sanduku la vichungio vya shaba vya kuchagulia lulu kwa ukubwa, kile cha kichwa, cha tumbo, cha mkia. Wajapani wakatengeneza lulu zao, za kwetu hakuna aliyezitaka. Vichungio tumeviuza kwa mfua shaba, kwa uzito. Sasa kipofu wa watu anakaa uani anachambua dengu kwa vidole. Hii kichwa, hii tumbo, hii mkia. Mtoto anacheka. Mimi sicheki.

Unajua lulu ni kitu gani? Baba alitudanganya tukiwa wadogo kwamba ni tone la mvua, chaza anapanda juu usiku wa mvua, anafungua mdomo, analimeza. Uongo mtupu. Ni uchafu umemwingia chaza ukamuuguza. Ni jipu. Wewe unataka nimwite mtoto jipu.

Na kwa kuwa wewe ndiye umemtaja Fairuz, nikamwita na mimi. Alikula wali wangu wa tende sahani nzima, hakuinua macho, anaangalia miguu tu. Nikamwambia, wewe ulikuwa chombo kimoja na mwanangu. Ulisimama ubavuni mwa Sanad. Niambie Dhahi alikufaje. Akaosha mikono. Akasema, "Mama Dhahi, mimi usiniulize. Muulize nduguyo kamba ilikuwa wapi."

Basi nakuuliza. Kamba ilikuwa wapi?

Mama Dhahi.

Mimi Hilal naandika niambiwavyo. Nilimshauri atoe lile neno jipu, amekataa.


Dahrani
20 Rabiul-Awali 1357

Mama Dhahi,

Salaam. Mimi mzima. Bomba lilimwangukia mtu wa Hasa, vidole viwili. Pole kwa mbuzi. Pole kwa Thani, na huyo Mhindi angenipitia hapa.

Nimekuuliza jina la mwanangu, wewe unanipa habari za majipu. Jina si mali yako. Ukiazima jembe unalirudisha lile lile.

Unasema Wajapani. Wajapani wametuumiza wote. Mimi nilivuta kamba za wazamiaji misimu kumi na moja, leo nachimba mtaro wa watu nisiowajua lugha. Mbona mimi sijakasirikia neno? Nenda nyumba yoyote hapo Muharaqi. Kuna Lulwa, kuna Dana, kuna Jumana, kuna Hasba, yote majina ya lulu. Watu walifilisika na binti zao bado wanaitwa hivyo. Ni wewe tu.

Fairuz ana maneno mengi tangu meno yamtoke. Dhahi alikufa kwa ajali yake, siku ilifika. Nahodha alikwambia siku ile tulipofika. Sina la kuongeza.

Mwite Lulwa.

Sanad.


Muharaqi
11 Rabiul-Akhir 1357

Sanad,

Wazima. Amna kafika juzuu ya ishirini na saba. Ametokwa na jino la utoto, akalirusha juani kama tulivyofanya sisi. Thani alilishika kwanza kwa vidole, akasema, "Hii dana kabisa." Nikampigia kelele, maana ni yale yale kwa mlango wa nyuma. Hatukusemezana siku mbili.

Umejibu barua nzima isipokuwa swali.

Nahodha alinisimamia mlangoni, wewe nyuma yake, kichwa chini. Nahodha akasema, "Mungu kachukua amana yake." Nikakungoja wewe useme. Hukusema. Nikapika, watu wakala msiba, hukusema. Mwaka ukapita, Shamma akafa, ukaja na mtoto kwenye shuka, nikakufungulia. Ulisema, "Mlee, mimi siwezi." Nikasema, "Mlete, na usikanyage kizingiti hiki tena." Hukuniuliza kwa nini. Mtu asiye na kosa angeuliza.

Wewe ulidhani nilimchukua kwa huruma? Nitakwambia. Ulinichukulia mmoja, nikakuchukulia mmoja. Nikampa jina langu ili asiwe wako hata ukimwita njiani.

Ila sasa nampenda, na hilo ni adhabu yangu.

Kamba ilikuwa wapi, Baba Amna?

Mama Dhahi.


Dahrani
3 Jamadil-Awali 1357

Mama Dhahi,

Joto. Maji ya kunywa yana ladha ya chuma. Wawili wamezirai leo mtaroni. Mimi sijazirai.

Usiniite hivyo tena. Mimi Baba Lulwa.

Unataka kujua, haya. Kamba ilikuwa mkononi. Mvuta kamba anaiweka wapi kamba? Mkononi. Mzamiaji akivuta mara moja, unavuta. Ndiyo kazi yenyewe. Dhahi hakuvuta. Moyo ulisimama huko chini. Inatokea. Ilimtokea mtoto wa Bu Saqar, ilimtokea yule Mbaluchi.

Na nikufundishe kitu, kwa sababu wewe lulu umeijulia sebuleni kwenye kitambaa chekundu cha mumeo. Baharini hatusemi lulu. Miezi minne, watu sitini, hulisikii neno hilo. Tunasema kumashi, kama unavyosema kitambaa cha dukani. Leo kumashi ipo, leo hakuna. Kwenye chombo chetu nahodha aliona kulitamka lile lingine ni mkosi, unaita mgeni kabla hajafika. Majina mengine ni ya sokoni. Dana, ile kubwa ya duara. Majhula, ile mbaya yenye magamba, hujui ndani kuna nini mpaka uimenye kwa kisu, na wengine walimenya mpaka wakabaki na vumbi kwenye kidole. Lulu ni neno la nchi kavu. La wake, la mabinti, la Kurani.

Kwa hiyo usiniambie jina la binti yangu lina harufu ya chombo. Halikutoka chomboni.

Umejibiwa. Mwite.

Baba Lulwa.


Muharaqi
6 Rajabu 1357

Sanad,

Nimechelewa makusudi.

Barua yako nilisomewa Thani akiwepo. Alikuwa na sinia la dengu. Unajua Thani kabla hajawa mnunuzi alivuta kamba misimu mitano, kabla hajanioa. Mulla alipofika pale "kamba ilikuwa mkononi, Dhahi hakuvuta", Thani aliacha dengu. Akasema, "Isome tena." Ikasomwa tena. Akasema hivi, na Mulla aandike kama alivyosema:

"Mwambie shemeji mwongo. Kamba ya mzamiaji mkononi haikai kimya. Akigusa chini unasikia. Akitembea unasikia. Akikohoa majini unasikia. Akizimia unasikia vile vile, maana inalegea, kamba inakuwa kama ya ndoo. Mtu mwenye kamba mkononi hasubiri kuvutwa. Huyu ama hakuwa nayo mkononi, ama alisikia akanyamaza. Achague."

Mimi miaka tisa sijamsikia Thani akisema maneno mengi hivyo kuhusu mwanawe. Kisha aliinama akaendelea na dengu, akazichanganya zote, kichwa na mkia.

Sasa nikwambie jambo. Amna anahitimu. Alhamisi baada ya nusu ya Shaabani, Mwalimu Shaikha atamtembeza mtaani na watoto wenzake, nyumba kwa nyumba, wanaitikia amina, na kila mlango jina linatajwa. Nimeshona gauni la kijani. Mwalimu ameniuliza mara mbili, "Mama Dhahi, nitaje jina gani? Maana nasikia baba yake ana lake." Nikamwambia atanisikia siku hiyo.

Jina litakalotajwa siku hiyo ndilo atakalozikwa nalo. Unajua mtaa wetu.

Nataka kamba. Nipe kamba, nitafikiria jina. Ukinipa tena hiyo ya mkononi, atatajwa Amna binti Thani, na wewe uchimbe mitaro yako kwa amani.

Mama Dhahi.

Hilal hapa. Ndugu yangu, mwandikie ukweli. Mkono wangu umechoka na nyinyi.


Dahrani
1 Shaabani 1357

Mama Dhahi,

Sina salamu leo.

Mulla, soma yote. Usiruke.

Ilikuwa mwezi wa Safar, msimu ule, jua la adhuhuri. Dhahi alimaliza mbizi zake kumi. Alikuwa majini, kajishika kwenye kasia, anapumzika, zamu imekwisha. Sikio la kushoto lilikuwa linatoa damu kidogo. Nikamwambia, "Panda." Akasema, "Ngoja nipumue, Mjomba, una haraka ya nini, unatuivishia chakula?" Watu wakacheka.

Kikaja chombo cha maji kutoka Muharaqi. Mtu akapiga kelele akiwa mbali, "Sanad! Shamma kazaa! Wa kike!"

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa bila mtoto. Unajua. Wewe ndiye uliyeniambia nioe mwingine.

Dhahi akasema, "Jina lake nani?" Nikasema sijui bado. Akasema kwa sauti, "Lulwa. Mwite Lulwa, Mjomba."

Chombo kizima kiligeuka kumtazama. Miezi miwili tulikuwa hatujalisikia. Nahodha akaja juu, "Funga mdomo wewe mtoto, unatufukuzia riziki!" Dhahi akacheka. Akasema, "Basi naifuata mwenyewe nimletee binamu yangu. Nisipoipata nitukaneni." Akabana pua. Akaniangalia mimi.

Ilikuwa ya kumi na moja. Mvuta kamba ana haki ya kukataa. Ningesema hapana asingeshuka. Nilikuwa nimefurahi. Nikamwachia jiwe la kumzamisha.

Kisha watu wakaja kunipongeza. Wote. Huyu ananipa mkono, huyu ananikumbatia, Fairuz analia. Nina mikono miwili tu. Kamba niliiweka chini ya mguu.

Chini ya mguu wa kulia, Mouza. Nikaikanyaga ili isitoke. Nikatoa mikono yote miwili.

Nyayo za mvuta kamba ni ngumu kama gome. Sikusikia kitu. Sijui alivuta mara ngapi. Hilo ndilo sijui, na ndilo nalala nalo. Mara moja au mara kumi.

Fairuz ndiye aliyesema, "Sanad, kamba yako." Nikavuta. Ilikuja nzito.

Tulimzika kisiwani kabla ya alasiri. Nahodha akasema tuseme ni ajali yake, kwa sababu mimi ni mjomba, na kwa sababu msimu bado miezi miwili na watu hawafanyi kazi na mtu wa aina hiyo. Nilikubali. Nilivuta kamba ya mwingine kesho yake.

Kikapu chake kilikuwa na chaza saba. Zilimwagwa kwenye lundo na za wengine, na asubuhi zikafunguliwa pamoja, kama desturi. Zake zilikuwa zipi, zilikuwa na nini, hakuna anayejua. Niliangalia kila kisu asubuhi ile.

Niliporudi nikamwambia Shamma mtoto ni Lulwa. Akauliza nimelitoa wapi. Nikasema nimelipenda tu. Hakujua mpaka anakufa.

Nilikuandikia halikutoka chomboni. Ni uongo. Lilitoka mdomoni mwa mwanao, lilikuwa neno lake la karibu na mwisho. Miaka saba umelifungia nje ya nyumba yako. Sikutaka kukwambia kwa sababu kulisema hilo lazima niseme na mguu.

Sasa una vyote. Fanya unavyotaka.

Sanad.


Muharaqi
20 Shaabani 1357

Sanad,

Nilisomewa mara moja. Sitaki mara ya pili. Nimeichoma jikoni. Mulla alilia, mimi sikulia, nilikuwa na unga mkononi.

Sikusamehe. Andika hivyo, Hilal. Sikusamehe na usiniombe. Ulisimama juu ya kamba ya mwanangu ukipeana mikono. Ungeniambia siku ile mlangoni ningekutemea mate, halafu labda ningekupa maji. Umeninyima hata miaka tisa ya kukuchukia kwa haki. Nimekuchukia gizani tu.

Usije. Kizingiti kipo pale pale.

Alhamisi tulitoka baada ya alasiri. Gauni la kijani lilikuwa refu, likaburura. Mwalimu Shaikha alisimama mlango wa kwanza, wa mama yake Fairuz. Watoto wako nyuma, kama thelathini. Akanigeukia, "Mama Dhahi, nitaje nani?"

Nilidhani nitasema Amna. Mdomo wangu ulikuwa tayari. Thani alikuwa ameshika bega langu.

Nikasema, "Lulwa binti Sanad."

Wanawake waligeuka. Mwalimu akasoma, akataja, watoto wakaitikia amina. Nimelitoa kwa sababu ni la Dhahi. Si lako. Usijidanganye.

Na mwenyewe unajua alifanya nini? Mwalimu alipotaja Lulwa, mtoto aligeuka nyuma kuangalia nani anaitwa.

Mama Dhahi.


Dahrani
27 Shaabani 1357

Mama Dhahi,

Asalaam aleikum. Mimi mzima.

Niliomba siku mbili kazini. Nilivuka na chombo cha tende Jumatano. Sikukanyaga kizingiti chako. Nilisimama mwisho wa mtaa, ukutani kwa mfua shaba, kilemba usoni.

Nilisikia.

Alipogeuka nyuma kuangalia nani anaitwa, aliyekuwa nyuma ni mimi. Aliniangalia. Akaona si mtu anayemjua, akageuka mbele, akaendelea na wenzake.

Gauni limeshonwa vizuri.

Sanad.